Jibu: Hawa wasanii wa ekspreshonizimu ya Ujerumani walipinga vita kweli, au walibadilika walipoumia?

Swali lenyewe ni hili, nalifupisha kidogo. Dada mmoja anayesomea ualimu wa sanaa amepewa insha kuhusu sanaa ya kupinga vita katika ekspreshonizimu ya Ujerumani, yaani ile sanaa ya mwanzoni mwa karne ya 20 inayokuza na kupinda maumbo ili kuonyesha hisia za ndani. Vitabu vyote alivyoshika vinawatia wasanii Kollwitz, Dix, Grosz na Kirchner kapu moja, "wapenda amani", ila akisoma maisha yao anakuta wengi walikwenda vitani wenyewe, tena na furaha juu. Anauliza: "Sasa hao ni wapinga vita gani? Na nikitaka kuchambua kazi moja tu kwa undani nianze na ipi?"

Dada, umeshika penyewe, na usikubali mtu akuambie hilo ni swali la pembeni. Jibu langu fupi ni kwamba wachache sana walikuwa wapinga vita Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, wengi walibadilika kati ya 1915 na 1918, na hata baada ya hapo kuna ambao hawakuwa wapenda amani hata kidogo, walichora tu walichokiona na kazi zao zikaja kufanya kazi ya amani bila wao kupanga. Haya ni mambo mawili tofauti na insha yako itakuwa nzuri ukiyatenganisha.

Tuanze na kabla ya vita maana hapo ndipo vitabu vingi vinaruka. Vijana wa kundi la wasanii la Die Brücke walianza Dresden mwaka 1905, wale wa kundi la Der Blaue Reiter wakaja Munich 1911, na karibu wote walikuwa na hisia moja, kwamba Ulaya ya mabwana wenye tumbo na ndevu imeoza na lazima kitu kipasuke. Mshairi Georg Heym aliandika shairi lake la vita mwaka 1911, miaka mitatu kabla ya risasi ya kwanza, vita vikiamka kama jitu kutoka chini kabisa na kuuchoma mji. Ludwig Meidner alikuwa Berlin anachora miji inayoanguka na anga linalopasuka, 1912 na 1913. Watu wanapenda kusema hawa walitabiri, mimi naona ni zaidi ya utabiri, kuna ndani yake hamu fulani, yaani mtu amechoka na nyumba mpaka anatamani iungue. Franz Marc, yule wa farasi wa bluu, aliamini kabisa vita vitaisafisha Ulaya, na aliendelea kuandika hivyo akiwa huko huko mstari wa mbele. Rafiki yake August Macke alikufa vitani huko Champagne, Ufaransa, Septemba 1914, ana miaka 27, vita havina hata miezi miwili. Marc mwenyewe akauawa karibu na Verdun tarehe 4 Machi 1916. Kwa hiyo ukikuta mtu ameandika kwamba Marc alikuwa msanii wa amani kwa sababu alichora wanyama wapole, mpishe tu aendelee na safari yake.

Hata mchongaji Ernst Barlach, ambaye baadaye alitengeneza kumbukumbu za vita zenye huzuni kuliko zote Ujerumani, mwaka 1914 alichonga mtu anayekimbia na upanga juu ya kichwa, akamwita Mlipa Kisasi, na akachora kwenye gazeti la kizalendo la Paul Cassirer lililoitwa Kriegszeit. Cassirer huyo huyo mwaka 1916 akalifunga hilo gazeti na kuanzisha lingine, Der Bildermann, lenye sauti nyingine kabisa. Ukitaka tarehe moja ya kuonyesha kwamba upepo uligeuka, hiyo 1916 inakutosha.

Waliosimama tangu mwanzo walikuwepo lakini wachache. Franz Pfemfert wa jarida la Die Aktion ndiye wa kwanza kumtaja. Alijua wadhibiti wa serikali wangemfungia siku hiyo hiyo kama angeandika siasa wazi wazi, basi akageuza jarida likawa la fasihi na picha, akawa anachapisha mashairi yanayoletwa na askari kutoka uwanja wa vita, na akatoa matoleo maalumu ya sanaa ya mataifa ambayo Ujerumani ilikuwa inapigana nayo. Hebu fikiria hiyo, nchi nzima inapiga kelele Mungu awaadhibu Waingereza, wewe unawapa wasomaji washairi na wachoraji wa adui. Hapo hakuna picha ya maiti hata moja lakini ni upinzani mtupu.

Kirchner nitampitia haraka. Ile picha yake ya 1915, amevaa sare, sigara mdomoni, mkono wa kulia umekatwa na kibaki kina damu, watu wengi hudhani alipoteza mkono vitani. Hakupoteza, na wala hakufika mstari wa mbele, alikuwa kwenye mafunzo ya kikosi cha mizinga huko Halle, akavunjika akili akarudishwa. Picha ni ya hofu ya mchoraji kwamba jeshi litamnyang'anya kile anachofanyia kazi. Ni picha kubwa, ila kwa maoni yangu huo bado si msimamo wa amani, ni kilio cha mtu mmoja juu ya nafsi yake. Wilhelm Lehmbruck alikwenda mbali zaidi, alikuwa mhudumu kwenye hospitali ya kijeshi Berlin, na sanamu yake ya Aliyeanguka, 1915 hadi 1916, ni kijana aliye uchi, magoti chini, kichwa kimegusa ardhi, mgongo umekuwa kama tao. Hana cheo wala nchi, hujui ni wa upande gani. Lehmbruck alijiua Berlin Machi 1919.

Sasa nije kwa Käthe Kollwitz, na hapa nitakaa maana swali lako la pili jibu lake liko hapa.

Kwanza ujue kwamba wataalamu wengine hawamwiti ekspreshonisti kabisa. Alizaliwa Königsberg 1867, ni mkubwa kwa umri kuliko wale vijana wa Dresden, na hakuwa kwenye kundi lao. Lakini kazi zake za baada ya vita zina lugha ile ile ya mbao nyeusi na nyeupe, kwa hiyo mweke humo ila utie sentensi moja ya tahadhari. Pili, na hili ndilo watu hulisahau, kabla ya vita hakuwa mpinga fujo. Umaarufu wake ulitokana na mfululizo wa Wafumaji, 1893 hadi 1897, na Vita vya Wakulima, 1902 hadi 1908, na humo maskini wanaoshika silaha ndio mashujaa wake.

Vita vilipoanza Agosti 1914 mwanaye mdogo, Peter, alikuwa na miaka 18. Kwa sheria alikuwa bado mtoto, asingeweza kujiunga bila ruhusa ya baba. Baba yake, daktari Karl Kollwitz, alikataa. Peter akamgeukia mama, na mama ndiye aliyemwombea kwa baba mpaka baba akakubali. Mwisho wa Oktoba mwaka huo huo Kriegszeit ilitoa mchoro wa Kollwitz wa mwanamke aliyekaa kwa wasiwasi akisubiri habari, na siku hizo hizo Peter alikuwa ameshauawa Ubelgiji, karibu na Diksmuide, usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Oktoba. Hakumaliza hata mwezi mmoja huko.

Sasa ukiangalia kazi zake zote zilizofuata bila kujua hiyo habari ya ruhusa utaona mama anayelia tu. Ukiijua, unaona mtu anayejiuliza mkono wake mwenyewe ulifanya nini. Na haikuja kwa siku moja, miaka miwili baadaye bado anajiuliza kwenye shajara yake kama akisema vita hivi ni wazimu atakuwa anamsaliti Peter, kwa sababu Peter alikufa akiamini. Mzazi yeyote aliyepoteza mtoto kwa jambo ambalo mtoto mwenyewe alilipenda anajua huo mtego ulivyo. Ukisema kifo kilikuwa bure unamuua mara ya pili, ukisema hakikuwa bure unawapeleka na watoto wa wenzio.

Oktoba 1918 akaamua hadharani. Mshairi maarufu Richard Dehmel alitoa wito kwenye gazeti la Vorwärts kwamba wanaume wote walio tayari wajitokeze kwa pigano la mwisho, wakati kila mtu anajua vita vimeshashindwa. Kollwitz akamjibu kwenye gazeti hilo hilo mwishoni mwa mwezi huo, akasema waliokufa wanatosha, asianguke mwingine, na akamalizia na maneno ya Goethe kwamba mbegu za kupandia hazisagwi. Mkulima yeyote anaelewa hapo bila mwalimu. Ukisaga mbegu umeshiba leo na mwakani shamba ni tupu.

Mfululizo wake wa Vita ulichukua muda. Alijaribu kwa bati la shaba na asidi, akajaribu kwa chapa ya jiwe, haikukaa sawa, mpaka 1920 alipoona chapa za mbao za Barlach kwenye maonyesho Berlin ndipo akajua njia ni ile. Ubao hauruhusu kijivu cha kupapasa-papasa, ni kata au acha. Akachonga mbao saba mwaka 1921 na 1922, zikatoka 1923: Sadaka, Waliojitolea, Wazazi, Mjane wa kwanza, Mjane wa pili, Akina Mama, na Umma.

Angalia nini hakimo. Humo hakuna handaki, hakuna mzinga, hakuna bendera wala adui. Huwezi kujua ni vita ya nani na nani. Kwenye Sadaka mama aliye uchi ananyanyua kichanga chake juu mbele, macho amefumba. Kwenye Waliojitolea Kifo kinapiga ngoma kwa mkono mmoja, na vijana wanamfuata vinywa wazi kama waliopagawa. Aliye karibu kabisa na Kifo ni Peter, na wengine ni wenzake waliouawa. Ukitaka kazi moja ya kuchambua kwa kina, dada, chukua hii. Maana humo amekubali jambo gumu, kwamba vijana wale hawakuburutwa, walikwenda na furaha, kuna uzuri kwenye ule mwendo wao na mchoraji hauondoi. Angeweza kuwachora kama mbuzi wa kuchinjwa, ingekuwa rahisi zaidi na ya uongo. Halafu ukitoka hapo peleka macho kwenye Akina Mama, wanawake wamekumbatiana wakawa kitu kimoja kama ukuta, watoto wanachungulia katikati. Kile ambacho Sadaka ilitoa, Akina Mama wanakataa kukitoa. Hoja yote ya amani iko kati ya hizo picha mbili na hakuna neno lililoandikwa.

Bango la 1924, yule kijana mkono juu na maandishi makubwa ya kwamba kusiwe tena na vita, ndilo linalojulikana zaidi maana limenakiliwa na harakati nyingi. Lilitengenezwa kwa ajili ya mkutano wa vijana Leipzig. Mimi naliheshimu lakini kama sanaa liko chini ya mbao zile saba, ni kelele nzuri, basi.

Na kuna kumbukumbu ya Peter. Alianza kuipanga Desemba 1914, mara ya kwanza alitaka mwili wa kijana ulale na wazazi pembeni, akaacha, akarudia, mpaka Julai 1932 ndipo sanamu mbili za mawe zikawekwa makaburini Ubelgiji. Kijana hayupo tena. Wamebaki baba na mama wamepiga magoti, baba mgongo wima amejikumbatia mwenyewe, mama ameinama, na nyuso ni za Karl na Käthe. Leo ziko Vladslo, zilihamishwa pamoja na makaburi miaka ya 1950, mbele yao wamelala wanajeshi zaidi ya 25,000. Linganisha na kumbukumbu za vita hivyo hivyo zilizowekwa miaka ile ile kwingineko. Ukipita mjini Dar, pale Samora, Askari wa shaba aliyewekwa 1927 ameelekeza bunduki yenye singe mbele, na ndivyo karibu kila nchi ilivyofanya, mwanaume na silaha. Kuweka wazazi wanaoomba msamaha kwa magoti badala ya askari lilikuwa jambo la ajabu wakati ule. Na wapagazi waliokufa kwa njaa na homa Afrika Mashariki kwenye vita hivyo hivyo vya Wajerumani na Waingereza, ukitafuta kwenye mbao saba za Kollwitz au bati hamsini za Dix, hawamo. Silaumu, kila mtu alichora alichokijua, ila mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kuliandika.

Haya, Otto Dix. Huyu ndiye anayevuruga kapu. Alijitolea kwenda mstari wa mbele, alikuwa mpiga bombomu, akapigana Champagne na Somme, akapata nishani. Hata uzeeni alikuwa anasema ilibidi akayaone mwenyewe, njaa, chawa, matope, jinsi mtu anavyoanguka pembeni yako. Sasa huyo si mpenda amani wa kubeba bango. Lakini mwaka 1924 akatoa mkusanyiko wake, nao unaitwa Vita, bati 50 za shaba, nakala 70, uliochapishwa na Karl Nierendorf wa Berlin, na sidhani kuna mtu amewahi kuchora vita vya kisasa kikatili kuliko pale. Alitumia asidi makusudi mpaka inakula shaba, kwa hiyo nyama ya maiti kwenye karatasi inaonekana imeoza kwa sababu bati lenyewe limeliwa. Kuna askari wanaokula chakula pembeni ya mifupa, kuna wanaokuja kwenye moshi wa gesi na barakoa kama wadudu. Bati moja lililoonyesha askari akimbaka mtawa mchapishaji aliliondoa. Bila kuhubiri popote, kazi zile zikabebwa na harakati za amani, likatoka na toleo la bei nafuu lenye dibaji ya Henri Barbusse, Mfaransa aliyekuwa mpinga vita wa wazi.

Kabla ya hapo alikuwa ameshawasha moto Köln. Makumbusho ya Wallraf-Richartz yalinunua mchoro wake mkubwa wa Handaki mwaka 1923, watu wakapiga kelele, mhakiki Meier-Graefe akaandika kwamba unatia kichefuchefu, na mwishowe meya wa mji akalazimisha urudishwe. Meya huyo ni Konrad Adenauer, ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa kansela wa Ujerumani Magharibi. Mchoro baadaye ulichukuliwa na Wanazi na haujaonekana tena. Kilichobaki ni mchoro wake wa sehemu tatu wa 1929 hadi 1932, uko Dresden.

Kwa insha yako ongeza kwamba kufikia hapo Dix na Grosz wanawekwa kwenye Neue Sachlichkeit, mkondo wa kuchora mambo kwa ukavu kama yalivyo, jina lililotokana na maonyesho ya Mannheim 1925, si ekspreshonizimu safi tena. George Grosz yeye hasira yake haikuwa kwa vita peke yake bali kwa waliovitengeneza, majenerali, mapadri, matajiri. Yesu wake msalabani mwenye barakoa ya gesi, na maneno ya kwamba nyamaza uendelee kutumika, alimpeleka mahakamani mwaka 1928 kwa kosa la kukufuru. Kwenye jukwaa mtaje Ernst Toller, naye alijitolea 1914, akavunjika vitani, na igizo lake la Mageuzi lilipoonyeshwa Berlin Septemba 1919 yeye alikuwa jela kwa sababu ya mapinduzi ya Bavaria.

Tofauti zote hizi nilizokuchambulia, nani alipinga kwa imani na nani alichora tu, Wanazi hawakuzijali. Dix alifukuzwa ualimu Dresden 1933, Kollwitz akalazimishwa kutoka Akademia ya Sanaa ya Prussia mwaka huo huo, na kwenye maonyesho ya kudhalilisha sanaa yaliyofunguliwa Munich tarehe 19 Julai 1937 michoro ya Dix ilielezwa kuwa ni hujuma dhidi ya jeshi iliyofanywa kwa rangi. Mimi nachukulia huo ndio uhakiki sahihi kuliko wote uliowahi kuandikwa juu yake, japo uliandikwa na watu wabaya. Walielewa kwamba kijana akiitazama ile kazi itakuwa vigumu kumwandikisha. Malaika wa Barlach aliyekuwa akielea kanisa kuu la Güstrow tangu 1927, mwenye uso unaofanana na wa Kollwitz, aliondolewa 1937 na shaba yake ikayeyushwa, marafiki wakamwagisha mwingine kwa siri kutoka kwenye kalibu na huyo ndiye aliyeko Köln leo.

Kollwitz aliirudia ile sentensi ya mbegu kwenye chapa yake ya mwisho ya jiwe, mapema 1942, mama amewafunika wavulana watatu kwa mikono yake na wao wanataka kuchomoka. Septemba mwaka huo mjukuu wake, naye aliitwa Peter, akauawa Urusi.

Kuhusu kupanga insha, usianze na fasili ya ekspreshonizimu, anza na swali lako la nani alitaka vita, halafu Waliojitolea, halafu umlete Dix kama pingamizi. Na kama unatengeneza slaidi za darasani, kazi za Kollwitz unaweza kuzitumia bila shida, alikufa Aprili 1945 na hakimiliki ya Ujerumani ni miaka 70 baada ya kifo. Dix alikufa 1969 na Grosz 1959, kwa hiyo za kwao bado zina wenyewe, weka picha ndogo ya uchambuzi na utaje zinapotunzwa.